Presha 156/76 na mguu unaobana: je, mazoezi yanalainisha mishipa ya mtu wa miaka 58?

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi. Mimi ni dereva wa daladala hapa Dar es Salaam, nina miaka 58, na usukani nimeushika tangu nikiwa na miaka 31. Mwezi wa tatu nilipimwa presha wakakuta 156/76. Nikarudi mara mbili, haikupishana sana. Nikaandikiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Daktari alisema mishipa imeanza kukakamaa kwa umri, nifanye mazoezi. Foleni nje ilikuwa ndefu, hakupata nafasi ya kufafanua ni mazoezi gani.

Wenzangu kijiweni wanasema ya chini ikiwa 76 basi sina presha, na kwamba mshipa ukishazeeka umezeeka. Binti yangu anataka nikimbie naye alfajiri. Nilijaribu mara moja. Niliposimama ghafla kizunguzungu kikanishika mpaka nikakaa chini. Mpwa wangu ana vyuma, anasema vyuma ndiyo dawa. Naomba kujua: mishipa inaweza kurudi? Nikimbie, nitembee au ninyanyue vyuma? Na nikijitahidi, naweza kuacha kidonge?

Kuna jambo lingine dogo. Nikitembea kama dakika nane, shavu la mguu wa kulia linabana kama limefungwa kamba. Nikisimama kidogo linaachia. Nadhani ni kukanyaga breki na mafuta miaka yote. Likizidi nameza diklofenaki, kidonge cha maumivu. Sigara niliacha miaka tisa iliyopita.

Dereva, Mbagala

JIBU

Mzee wetu, shikamoo. Uliloliita jambo dogo ndilo tunaloanza nalo, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Shavu la mguu linalobana baada ya mwendo ule ule kila mara, kisha likaachia kwa kusimama tu bila hata kukaa, ni dalili ya mshipa wa damu wa mguu uliopungua upenyo. Uchovu wa misuli hauna ratiba hiyo. Maumivu ya goti huanza hatua ya kwanza. Maumivu yanayotoka kwenye uti wa mgongo kwa kawaida hayaachii kwa kusimama, mpaka mtu akae au ainame. Lako linasubiri dakika nane kwa sababu ukiwa umetulia damu inayopita inatosha. Ukitembea, misuli inadai mara kadhaa ya ile na njia haipitishi. Uvutaji sigara na kisukari ndivyo vinavyoongoza kuleta hali hii, na athari ya sigara hupungua mwaka hadi mwaka baada ya kuacha, haifutiki siku ile ile.

Kwa hiyo kabla ya kukimbia na binti, rudi hospitali na useme hivyo hivyo ulivyotuandikia: dakika nane, mguu wa kulia, unaachia nikisimama. Omba kulinganishiwa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Utalala chali dakika kumi hivi, utapimwa mikono yote miwili na vifundo vyote viwili kwa kifaa kidogo kinachosikiliza damu ikipita, kisha ya kifundo itagawanywa kwa ile ya mkono iliyo juu zaidi. Mkono ukiwa 150 na kifundo 120, jibu ni 0.80. Chini ya 0.90 maana yake kuna mahali pamebana. Ikipita 1.40 si habari njema pia: mshipa una chokaa nyingi kiasi kwamba mkanda haukuweza kuuminya, na hilo huonekana sana kwa wenye kisukari. Kituo kisicho na kifaa hicho kinaweza kuanza kwa vidole, kutafuta mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani, kisha kikakupa rufaa. Upimwe na sukari, lehemu (mafuta yaliyomo kwenye damu), figo, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu mishipa ya mguu ikibana, ya moyo mara nyingi nayo haiko salama. Daktari akithibitisha, kuna dawa za kushusha lehemu na za kuzuia damu kuganda ambazo huenda akakuongezea. Hizo si mbadala wa mazoezi, wala mazoezi si mbadala wa hizo.

Diklofenaki acha leo. Haigusi kabisa chanzo cha kubana huko, inaweza kupandisha presha unayomezea amlodipini, inaibebesha figo mzigo, na mwenye mishipa iliyobana hatakiwi kuitumia kwa sababu inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Inauzwa dukani kama pipi, ndiyo maana wengi hawaihesabu kuwa dawa wanapoulizwa na daktari. Wewe ihesabu, uitaje.

Na kuna hali ambayo haisubiri miadi. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukauma vikali au ukafa ganzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwani saa zinazofuata ndizo zinazoamua kama mguu utabaki. Maumivu ya wayo usiku yanayopungua ukiuning'iniza chini ya kitanda, au kidonda cha kidole kisichopona, navyo ni vya siku ile ile, si vya wiki ijayo.

Sasa tuje kwenye namba zako. Wenzako kijiweni wamekosea, na wamekosea mahali ambapo watu wengi wa umri wako hukosea. Aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hufanya kazi inayofanywa na shokapu kwenye gari lako: moyo ukipiga, unatanuka na kupokea kishindo, moyo ukipumzika, unarudi taratibu na kuendelea kusukuma damu. Kinachoupa uwezo huo ni nyuzi za elastini. Nyuzi hizo mwili huzitengeneza karibu zote mtu akiwa tumboni mwa mama na utotoni. Za ukubwani hazina ubora ule. Kwa mapigo 70 kwa dakika, mshipa hutanuka na kurudi karibu mara milioni 37 kwa mwaka. Kufikia umri wako imepita mara bilioni 2. Nyuzi zinachoka na kukatika, pengo linajazwa na kolajeni ambayo ni ngumu, sukari ya damu inazigandisha nyuzi hizo pamoja, na chokaa inajipenyeza ukutani.

Mshipa ukishakakamaa, wimbi la kila pigo husafiri haraka zaidi. Kwa kijana huenda mita 5 hadi 6 kwa sekunde. Likipita mita 10, madaktari huhesabu kwamba aota imekakamaa. Wimbi hilo hugonga matawi ya mbele na kurudi. Kwa kijana hurudi moyo ukiwa umeshapumzika, likasaidia kuinua presha ya chini. Kwa mshipa mgumu hurudi mapema mno, moyo ukiwa bado unasukuma, likajumlishwa kwenye ya juu, na ya chini ikabaki bila msaada. Ndiyo maana kwa watu wengi ya chini hupanda mpaka miaka ya hamsini hivi, kisha huanza kushuka wakati ya juu inaendelea kupanda. Toa 76 kwenye 156, unabaki na 80. Pengo la kawaida ni kama 40, na kwa mtu mzima likipita 60 ni onyo. Misuli ya moyo yenyewe hupata damu yake nyingi wakati moyo umepumzika, yaani kwa nguvu ya hiyo presha ya chini. Kwa hiyo 76 yako si tuzo. Ni sehemu ya tatizo lile lile, na presha unayo.

Umeuliza kama mishipa inaweza kurudi. Jibu linategemea ni sehemu gani ya mshipa. Ukuta wenye elastini iliyokatika hauwezi kusukwa upya kwa kutembea, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini ndani kabisa ya kila mshipa kuna utando wa seli wenye unene wa seli moja tu, na huo ni hai na unabadilika haraka. Kazi yake mojawapo ni kutoa gesi ya naitriki oksaidi, inayoiambia misuli ya ukuta wa mshipa ilegee. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo mwilini ndio uliowapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Umri unavyosogea, kemikali haribifu zinazotokana na mwili kuchakaa huimeza gesi hiyo kabla haijafanya kazi, na mshipa unabaki umejikaza hata pale ambapo haukupaswa. Kinachouchochea utando kuitoa ni damu yenyewe inapopita kwa kasi na kuusugua. Kila unapotembea haraka, damu hupita kwa kasi hiyo mwili mzima, hata mikononi. Rudia siku nyingi za wiki, na seli huongeza uwezo wa kuitengeneza na kuilinda.

Watafiti wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, walilionyesha hili mwaka 2000. Wanaume wa makamo na wazee waliokuwa hawafanyi mazoezi walitembea haraka siku nyingi za wiki kwa miezi mitatu, na utanukaji wa mishipa yao ukarudi karibu na kiwango cha vijana. Zoezi lao kuu lilikuwa kutembea. Walikuwa watu wenye afya, wasio na shida kama ya mguu wako, kwa hiyo usijipimie kwa matokeo yao yote, lakini miezi mitatu ni kipimo kizuri cha subira. Kwa kina mama wanaosoma hapa: baada ya hedhi kukoma, matokeo ya aina hii kwenye utando huwa hayaonekani wazi kama kwa wanaume, kwa sababu homoni ya estrojeni ilikuwa inasaidia. Faida kwa presha, sukari na moyo ipo pale pale.

Hata aota yenyewe husogea kidogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata watu 138 waliojiandaa kwa mara ya kwanza kukimbia mbio za marathoni za London. Baada ya miezi kama sita, ukakamavu wa aota ulikuwa umepungua kwa kiasi kinacholingana na kuwa mdogo kwa miaka kama minne, na presha ilishuka kwa 4 juu na 3 chini. Walionufaika zaidi walikuwa wanaume wenye umri mkubwa, presha ya juu zaidi na mwendo wa taratibu. Mambo mawili yanaeleza hilo: ukuta una misuli hai inayoweza kulegea hata kama nyuzi zimechoka, na presha ikishuka mshipa hautanuliwi kupita kiasi, kwa hiyo unarudi kwenye eneo lake lenye ulaini.

Jambo tunalolikazia kuliko yote ni idadi ya siku. Mwaka 2018 watafiti wa Dallas, Texas, walipima mishipa ya watu 102 waliopita miaka 60, wakiwapanga kwa kiasi cha mazoezi waliyoyafanya maishani, kila kipindi kikiwa cha dakika 30 au zaidi. Waliofanya siku 2 hadi 3 kwa wiki walikuwa na mishipa ya shingo, ile inayopeleka damu kichwani, iliyo laini kuliko ya waliokaa tu. Lakini mishipa mikubwa zaidi ya kifua na tumbo ilionyesha ulaini kwa waliofanya siku 4 hadi 5. Kutembea kwa kujiua Jumapili moja kisha kukaa siku sita hakujazi nafasi hiyo. Athari ya kipindi kimoja hudumu saa kadhaa, presha ikiwa imeshuka, halafu inaisha. Ukiacha kabisa, wiki chache zinatosha kufuta sehemu kubwa ya ulichopata kwenye utando. Siku 5 za nusu saa, basi, kuliko siku 2 za saa nzima, hata kama jumla haitofautiani sana. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mazoezi ya nguvu za misuli siku 2 au zaidi.

Kazi yako nayo tuiseme. Mwaka 1953 mtafiti Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi hilo hilo, katika foleni ile ile na hewa ile ile. Baadaye Morris mwenyewe alikagua vipimo vya sare na kukuta suruali za madereva zina viuno vikubwa tangu walipoajiriwa, kwa hiyo si kiti peke yake kilichowatofautisha. Bado kiti kina lake. Vijana wenye afya waliokalishwa saa tatu mfululizo walipoteza utanukaji wa mshipa wa paja ndani ya saa ya kwanza. Walipotembea taratibu dakika 5 kila saa, hawakuupoteza. Damu huzubaa kwenye mguu uliokunjwa, ule msuguo kwenye utando unapungua.

Basi kila unapogeuza kituo cha mwisho, shuka. Usikae kwenye usukani ukisubiri gari lijae. Zunguka gari na kituo kwa dakika 5, au shika mlango uinue visigino mara 20, upumzike, urudie. Hilo halihesabiki ndani ya nusu saa yako, ni la kuulinda mshipa dhidi ya kiti.

Mazoezi yenyewe sasa. Tunadhani umeshapimwa na daktari amekuruhusu. Kwa mguu wako, dawa iliyothibitishwa kuliko zoezi lolote ni kutembea hadi mguu ubane, makusudi. Anza na dakika 5 za mwendo wa polepole. Kisha ongeza kasi mpaka kubana kuanze ndani ya dakika 3 hadi 5. Usisimame linapoanza, endelea mpaka maumivu yawe ya wastani, yale ambayo yangekufanya utamani kusimama lakini bado unaweza. Hapo simama, au kaa kwenye benchi, mpaka yaishe kabisa. Anza tena. Rudia hivyo kwa dakika 30 ukijumlisha na mapumziko, siku 3 kwa wiki, ukiongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 45 au 50. Unapoweza kwenda dakika 8 au 10 kwa kasi hiyo bila kubana, kasi haitoshi tena, iongeze au tafuta njia yenye mwinuko. Kosa la wengi ni kusimama mguu ukinong'ona tu, wakiogopa kuuharibu. Maumivu haya hayaharibu mguu. Ndiyo yanayoufundisha msuli kutumia oksijeni kidogo kwa ufanisi, utando kutanuka, na vijimishipa vya pembeni kukua. Pale palipoziba hapazibuki, lakini baada ya wiki 12 watu wengi hutembea mbali zaidi kwa tofauti wanayoihisi wenyewe.

Siku 2 nyingine panda baiskeli kwenye njia tambarare au tembea kwa kasi isiyoleta kubana, dakika 30. Kipimo cha kasi ni pumzi yako: uweze kuongea sentensi nzima, usiweze kuimba. Ukipenda namba, 220 toa 58 ni 162. Asilimia 60 hadi 75 yake ni mapigo 97 hadi 121 kwa dakika. Kama siku moja utabadilishiwa dawa ukapewa atenololi au ndugu zake, sahau namba hizo kwa sababu dawa inayashikilia mapigo chini, baki na kipimo cha kuongea. Kwa joto la Dar es Salaam, toka kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na maji uyanywe hata kama huna kiu.

Kizunguzungu kilichokukalisha kina maelezo rahisi. Ulipokuwa unakimbia, mishipa ya miguu ilifunguka wazi, na mashavu ya miguu yalikuwa yanasukuma damu kurudi juu kwa kila hatua. Uliposimama ghafla, msukumo ukakatika huku mishipa ikiwa bado wazi, damu ikazama miguuni, kichwa kikakosa. Amlodipini nayo inafungua mishipa, ikaongezea. Dawa yake ni dakika 5 hadi 10 za kupunguza mwendo mpaka pumzi irudi, kila mara, bila kujali una haraka kiasi gani. Ila kizunguzungu kikija katikati ya mwendo, au kikiambatana na kifua kubana, jasho la baridi au moyo kwenda mrama, hiyo ni habari nyingine: acha, uende hospitali.

Vyuma vya mpwa wako visubiri, na vikija viwe vyepesi. Mtu anaponyanyua mzigo mkubwa huku amebana pumzi, presha hupanda kwa sekunde chache kupita 300 ya juu. Imepimwa hivyo kwa vijana wanyanyuaji, ndani ya mshipa. Kwa aota yako hatuoni sababu ya kulijaribu hilo. Baada ya wiki 6 za kutembea, na presha ikiwa imetulia, chukua uzito unaoweza kuuinua mara 12 hadi 15 bila kukakamaa shingo. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinua madumu ya lita 3 ya maji, vinatosha kwa siku 2 za wiki.

Kuna zoezi moja lisilohitaji kifaa ambalo tungependa ulijue: kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo. Uchambuzi wa majaribio 270 uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea yameshusha presha ya juu kwa wastani wa 8, wakati ya kutembea na kukimbia yalishusha kama 4 na nusu. Hufanywa mara 4 za dakika 2, ukipumzika dakika 2 katikati, siku 3 kwa wiki. Usikimbilie huko, kwa kuwa wakati wa zoezi presha hupanda kabla ya kushuka baadaye. Muulize daktari, anza na sekunde 30 magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu, na usibane pumzi hata kidogo. Wala lisichukue nafasi ya kutembea; mguu wako unahitaji mwendo.

Kidonge usiache. Fanya hesabu: hata mazoezi yakikushushia 8, 156 inakuwa 148, bado iko juu ya 140, na kwa mtu wa hali yako daktari atapenda ifike chini ya 130 ukiivumilia vizuri. Vyote viwili vinahitajika. Amlodipini ina mtego wake: hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo ukiiacha leo kesho presha haipandi, hata keshokutwa, na mtu anajiambia amepona. Inarudi polepole kwenye wiki ile bila dalili yoyote. Ikikuvimbisha vifundo, mweleze daktari, ipo nafasi ya kubadilisha. Na kama baada ya miezi mitatu namba zako za nyumbani zinashuka kukaribia 110 ya juu, au unaona giza unapoinuka, peleka daftari lako. Yeye ndiye atakayepunguza dozi.

Hilo daftari lina masharti. Tumia mashine ya mkono wa juu, si ya kiganja, yenye mkanda unaokutosha; mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba za uongo zilizo juu. Pima asubuhi kabla ya kidonge na kabla ya mazoezi, kisha jioni. Haja ndogo iwe imeshatoka, nusu saa bila chai wala kahawa, dakika 5 umekaa kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote. Fanya hivyo siku 7, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani unaotakiwa ni chini ya 135/85. Usipime ukitoka kutembea ukafurahi: ule ni mshuko wa saa chache tuliousema. Siku ukikuta 180 juu au 110 chini ukiwa umetulia, au una homa, hakuna mazoezi siku hiyo.

Ukipata malaria ukalala wiki, usirudi ulipoishia. Anza na nusu ya dakika zako, upande kwa wiki mbili. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye mkate na kiungo cha mchuzi cha kopo. Viatu viwe vya raba, vipana mbele, na kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mguu wenye damu kidogo hauponyi malengelenge kwa haraka.

Binti yako mpe kazi. Aje naye, ashike saa na kuandika dakika ambazo mguu ulianza kubana, siku ya kwanza na kila wiki baada ya hapo. Namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha maendeleo mapema kuliko presha. Habari ya kukimbia mnaweza kuizungumzia baada ya wiki 12, kama kipimo cha moyo hakikuwa na tatizo na unatembea nusu saa kwa kasi bila kubana. Hapo jaribuni dakika 1 ya kukimbia polepole kwa kila dakika 4 za kutembea, mara 5, na mmalizie kwa kutembea.